Njiwa wa Dakika ya Themanini na Nane

14 Januari 2019

Mimi ndiye beki wa kulia bora kuliko wote waliowahi kuvaa viatu vya mpira kati ya mto Ruhr na mto Emscher. Mwaka 1969, nilipoazimwa na klabu kubwa ya jirani ya ligi kuu, nilimkaba mshambuliaji aliyekuwa akiogopwa nchi nzima, na hakugusa mpira hata mara moja. Waulize watu.

Basi, usiwaulize. Hakugusa mpira kwa sababu siku hiyo alikuwa kwao kitandani na mafua. Niliyemkaba ni kijana mmoja aliyewekwa badala yake, miguu kama njiti za kiberiti, akatufunga mawili katika dakika kumi na moja. Dakika ya kumi na mbili kocha akanitoa. Hizo dakika kumi na moja ndizo maisha yangu yote katika ligi kuu ya Ujerumani. Kabla ya hapo na baada ya hapo nilicheza hapa hapa Brakenhorst, mechi mia tatu na sita, na hizo sijaongeza hata moja.

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Silke Overbeck, anayefundisha historia sekondari. Klabu yetu, Vorwärts Brakenhorst, inatimiza miaka mia mwezi Juni, naye ndiye anayeandika kitabu chake. Amewagawia daftari wachezaji wote wa kikosi cha 1967 walio hai, waandike kumbukumbu zao. Walio hai ni wawili: mimi na Lothar Grabosch, aliyekuwa kipa. Lothar alilirudisha lake siku ile ile. Alisema mambo yake huwaambia njiwa wake, na hao hawahitaji karatasi. Mimi nimelichukua kwa kuwa lina jalada gumu.

Kiwanja: kimefungwa. Barafu.

15 Januari

Kimefungwa. Barafu.

16 Januari

Kimefungwa. Mwalimu amepita na baiskeli kuuliza kama nimeanza kuandika. Nimemwambia nimefika utotoni.

21 Januari

Haya, utoto. Nilizaliwa 1943 katika nyumba za wachimbaji, nyuma ya mgodi. Baba alikuwa chini ya ardhi kwa mshahara, babu alikuwa chini ya ardhi moja kwa moja. Nilipofika miaka kumi na minne na mimi nikashushwa. Shule niliiacha bila machozi upande wowote.

Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi baada ya zamu. Tulitoka shimoni weusi, tukaingia bafu la wachimbaji, watu mia mbili uchi chini ya mabomba, na kwa kuwa hakuna mtu anayeufikia mgongo wake mwenyewe, kila mmoja alimsugua aliye mbele yake. Aliyekuwa akinisugua mimi ni Lothar, na mimi yeye. Miaka kumi na mmoja. Mgongo wa Lothar niliujua kuliko wa marehemu mke wangu Margret, naye Margret alilijua hilo na halikumfurahisha.

Kiwanja chetu ni cha majivu mekundu ya mgodini. Ukianguka unaondoka na sehemu yake gotini mpaka unazikwa. Mimi nina punje tatu goti la kushoto, daktari amezipiga picha. Mtunza kiwanja ni mimi tangu 2003. Nina ufunguo, nina reki, na nina kibao cha langoni chenye pande mbili: WAZI na KIMEFUNGWA. Meya mwenyewe hana madaraka kama hayo.

2 Februari

Theluji. Tumecheza karata kwa Gülten, mwenye kioski cha kona. Marehemu baba yake alichimba pamoja nasi, na mchezo wetu unataka watu watatu kamili: mimi, Lothar na yeye. Mkono mmoja anauza magazeti na bia, mkono wa pili anatunyoa.

Nilipoingia, mteja mmoja akaniambia, "Angalia, Sobo, nje kuna utelezi." Watu wakacheka. Wanacheka hivyo tangu 1967. Theluji ikianguka mji huu hauhitaji taarifa ya hali ya hewa, unanihitaji mimi.

Lothar hakucheka. Aliziangalia karata zake.

12 Februari

Mvua. Kimefungwa.

Mwalimu amenisomea ukurasa wa 61 wa kitabu chake. Unasema: "Tarehe 21 Mei 1967 Vorwärts walihitaji sare tu ili wapande daraja la pili. Dakika ya themanini na nane beki Friedhelm Sobottka aliteleza, winga wa Germania Lippede akapita, na mpira ukaingia. Vorwärts hawakufika tena karibu namna hiyo."

Nilimuuliza kama kuna haja ya jina. Alisema historia inataka majina. Nikamwambia kwamba siku ile uwanjani tulikuwa kumi na mmoja na klabu imemkumbuka mmoja.

"Basi niambie wewe, Mzee Sobottka. Ilikuwaje?"

Nikasema kiwanja kinanihitaji. Kiwanja kilikuwa chini ya maji.

13 Februari

Mvua.

27 Februari

Jua la ajabu, watu wamekaa nje na shati. Wazi. Nimetembea na reki upande wa kulia, kutoka mstari wa kati mpaka goli la kaskazini, na njia nzima nimeufikiria ukurasa wa 61. Nitakufa, Lothar atakufa, na ukurasa wa 61 utabaki kwenye kabati la maktaba ukiwaambia wasionijua kwamba niliteleza.

8 Machi

Nimesema. Miaka hamsini na miwili nimekaa nayo, na leo nimeitema jikoni kwangu mbele ya kahawa na keki aliyoleta mwalimu.

Sikuteleza. Ilikuwa Mei, jua, majivu makavu kama unga. Nani anateleza kwenye majivu makavu? Kilichotokea ni njiwa.

Jumapili ile kulikuwa pia na mashindano ya njiwa. Walikuwa wamefunguliwa asubuhi kule Passau, kilomita mia tano kutoka hapa, na walikuwa wanatarajiwa alasiri. Mimi na Lothar tulikuwa na banda moja nyuma ya goli la kaskazini, nusu yake, nusu yangu, na baba yangu alikaa pale na saa ya mashindano akisubiri kuwavua pete za miguuni ili saa iandike muda wao. Dakika ya themanini na nane, hakuna aliyefunga, akatokea njiwa jike wa buluu. Unyoya mmoja mweupe bawa la kushoto. Mabawa ameshayakunja, anashuka juu ya goli kama jiwe. Na kipa wetu, Lothar Grabosch, mbele ya watu elfu tisa, akainua uso mbinguni kama bibi harusi anayefunuliwa shela. Winga akapiga. Lothar hakujua hata mpira ulipita upande gani.

Mwalimu aliiacha keki. Aliuliza kama nilimwona vizuri huyo njiwa.

"Kama ninavyokuona wewe," nikasema.

Akaandika. Kisha akauliza kwa nini basi nilisema nimeteleza. Nikamweleza. Lothar alikuwa amuoe Traudel mwezi uliofuata, na baba yake Traudel ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti alisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, uso kama ukuta, hakuna anayepumua, na mimi nikasema "Niliteleza" kabla mtu hajauliza. Kwa ajili ya rafiki. Yeye akapata mke, mimi nikapata jina.

Mwalimu anasema huu ndio utakuwa ukurasa bora wa kitabu. Ameniomba nisimwambie mtu mpaka Juni.

10 Machi

Nimekaa nayo siku mbili. Kwa umri wangu ni nyingi. Nimewaambia watu pale kwa Gülten, Lothar alipokuwa kwa daktari wa macho. Daktari wa macho! Hata kujipangia mwenyewe nisingeweza.

17 Machi

Upepo, lakini wazi.

Wiki nzuri kuliko zote tangu nistaafu. Bia nne nimenunuliwa na watu wasionisalimia tangu niuze duka langu la bahati nasibu. Theluji nyepesi ilianguka Jumanne na hakuna aliyesema neno kuhusu utelezi.

Lothar nimempa majina mapya na yote yameshika. Askofu wa Manyoya. Kipa Mtazama Nyota. Bibi Harusi wa Passau. Mtu fulani ameweka unyoya kwenye kitasa cha lango lake. Wanaume wazima wanaguna kama njiwa akipita, lakini walikuwa wanaguna vibaya, kama wenye kikohozi, kwa hiyo nikawafundisha: ulimi nyuma, mashavu yajae, sauti itoke kifuani. Sasa wanaguna vizuri sana. Alipokuja kununua gazeti Alhamisi, kioski kizima kilikuwa banda. Alichukua gazeti, akasahau chenji yake, akaondoka. Nimecheka mpaka goti limeuma.

24 Machi

Wazi. Jumamosi ya pili Lothar hajaja kwenye karata. Nimemwambia Gülten tucheze wawili. Akasema mchezo wa wawili haupo.

"Tutafute mtu basi."

"Nani, mjomba? Mmoja wa waimbaji wako?"

Alikuwa anapanga sigara, hakuniangalia.

31 Machi

Jumamosi ya tatu. Nimecheza peke yangu nyumbani, nikajiibia, bado nikashindwa.

6 Aprili

Mvua. Karata hakuna.

9 Aprili

Mvua. Kimefungwa.

Traudel, mkewe Lothar, amekuja langoni na mwavuli. Nilidhani amekuja kunigombeza na nilikuwa nimejiandaa, nina majibu matatu mazuri. Hakunigombeza. Alisema Lothar anaondoa njiwa. Wote arobaini na mmoja. Mchuuzi kutoka Dortmund anakuja Ijumaa kuchukua wazima, na wazee wasiotakiwa na mtu Lothar atawanyonga mwenyewe. Hali chochote isipokuwa supu. Kutoka nje hatoki.

Nikamwambia ni utani tu, shemeji, mimi nimetaniwa nusu karne na ninakula nyama.

"Ndiyo," akasema. "Lakini wewe hukuwahi kumsikia yeye akikutania."

Kisha akaondoka. Majibu yangu matatu bado ninayo.

11 Aprili

Nimekwenda. Naandika yote kwa sababu nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshayatengeneza.

Lothar alikuwa bandani akikwangua vinyesi kwenye vibao vya njiwa. Mtu anayeondoa njiwa wake kesho anakwangua vibao leo, ndivyo alivyo. Hakugeuka.

"Umekuja kununua?"

Nikasema sina pa kuwaweka.

"Basi umekuja kutazama. Kutazama unajua."

Nikaanza kusema niliyokuja kusema, kwamba kitabu ni kitabu, kwamba watu watachoka, kwamba na mimi nina haki ya kuzikwa bila utelezi. Aliniacha nimalize. Alikwangua kibao kizima mpaka mwisho.

"Yule jike wa buluu alikuwa wa nani, Sobo?"

Nikasema wangu. Hilo halina ubishi, limo kwenye daftari la mashindano.

"Basi mimi nimtazame njiwa wako kwa nini? Wangu wawili walikuwa wameshaingia wote kabla ya kipindi cha pili. Baba yako alinipungia kofia mara mbili, nilihesabu. Sikuwa na kitu cha kusubiri juu huko."

Akachukua kibao kingine.

"Nilikuwa ninakutazama wewe," akasema. "Winga alikuwa upande wako. Akaanza kukimbia, na wewe ukasimama. Mikono kiunoni, mdomo wazi, unatazama juu. Nikafikiri labda kuna jambo. Nikatazama unakotazama. Ndiyo, nilitazama, sikatai. Lakini nilikuwa wa pili."

Nilitaka kumwambia anasema uongo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo nikaukumbuka ule unyoya mweupe. Miaka hamsini na miwili nimekuwa nikiuona unyoya ule, bawa la kushoto, wazi kabisa, na sikuwahi kujiuliza nimeuonaje. Beki aliyemkodolea winga macho hajui njiwa ana rangi gani. Nilimwona vile anavyokunja mabawa. Nilimtazama mpaka akatua. Goli lenyewe sikumbuki. Sina picha yake kichwani hata moja. Nina kelele tu.

Na ule mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, mwenyekiti na uso wake. "Niliteleza," kabla mtu hajauliza. Nilikuwa nimeamini nilimfichia Lothar. Nimeamini hivyo kwa muda mrefu sana kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kujipenda kwa hilo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulisema umeteleza. Nikaona hilo ndilo neno ulilochagua, nikakuachia. Na watu walipokucheka mimi sikucheka. Miaka hamsini na miwili, Sobo, sijacheka hata siku moja. Wewe wiki moja tu umewafundisha watu wazima kuguna."

Kulikuwa na kikwanguo cha pili ukutani. Nikakichukua, nikaanza upande wa pili. Tulikwangua kama saa nzima. Kwenye kuondoka nikamuuliza mchuuzi anakuja saa ngapi. Akasema saa nne asubuhi. Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu kuusahihisha ukurasa.

"Fanya unavyotaka," akasema.

12 Aprili

Saa tatu na nusu nilikuwa nimesimama kwenye kona ya mtaa wao. Gari la mchuuzi lilipofika nilimsimamisha nikamwambia, kwa uso wa msiba, kwamba njiwa wa Grabosch wameingiwa na kuhara, kwamba sita wamekufa tangu Jumatano, na kwamba watu wa mifugo wako njiani kufunga mtaa. Aligeuza gari juu ya bustani ya watu.

Ni uongo wangu wa kwanza mwaka huu uliomsaidia mtu.

15 Aprili

Wazi. Nimekwenda shuleni kwa mwalimu. Alisema ukurasa umeshakwenda kwa mpiga chapa na akauliza, bila kuficha kuudhika, sasa ni ipi: niliteleza, au ni njiwa, au kuna kitu cha tatu.

Nikamwambia cha tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa karatasi zake za siku ile jikoni kwangu, akanionyesha. Pembeni ya maneno "kama ninavyokuona wewe" alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Tangu siku ile ile.

"Mbona hukuniuliza?" nikasema.

"Nilitaka ukurasa mzuri, Mzee Sobottka. Nikaogopa kuuliza. Hilo ni kosa langu, nami linaniuma."

Nilikuwa nikidhani ni mtu wa keki na baiskeli. Kumbe ana macho kuliko waamuzi wote walionipigia filimbi, na akikosea anasema, jambo ambalo mwamuzi hajawahi kulifanya.

Anaweza kubadilisha ukurasa mmoja kabla ya tarehe thelathini. Lazima uwe na urefu ule ule: mistari sita. Na lazima niuandike mwenyewe na kutia sahihi, kwa sababu yeye matoleo yangu ameshayachoka.

18 Aprili

Mistari sita. Nimechana.

20 Aprili

Mistari kumi na tisa. Nimechana. Nilianza na kuzaliwa kwangu.

22 Aprili

Pasaka, jua. Wazi. Nimeandika mistari sita mizuri kuhusu hali ya hewa siku ile.

25 Aprili

Mvua. Nimechana.

29 Aprili

Nimempelekea. Nakala yake ni hii:

"Mimi, Friedhelm Sobottka, beki wa kulia, sikuteleza. Dakika ya 88 niliacha kumtazama winga nikamtazama njiwa wangu aliyekuwa anarudi kutoka Passau. Kipa wetu Lothar Grabosch alitazama nilikotazama kwa sababu aliniamini. Mpira ukaingia. Kwanza nilisema niliteleza, baadaye nikasema ni kosa lake. Yote mawili ni uongo."

Mwalimu alisoma mara mbili. Alisahihisha nukta moja.

4 Mei

Baridi tena. Karata hakuna. Lothar bado ana njiwa arobaini na mmoja, Traudel amemwambia Gülten. Supu bado ni supu.

11 Mei

Wazi. Karata hakuna.

Nimewaambia kioskini waache kuguna. Mmoja akasema, "Lakini Sobo, wewe ndiye mwalimu wetu." Nikamwambia mwalimu amestaafu. Nikanunua gazeti nisilolitaka na kutoka.

21 Mei

Wazi. Saa kumi na nusu alasiri nilisimama pale pale, upande wa kulia, nikatazama juu. Mawingu tu.

8 Juni

Upepo mkali, matawi barabarani.

Mwalimu ameleta vitabu kutoka kwa mpiga chapa, maboksi manane, kwa gari la dada yake, maana baiskeli haikuweza. Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye nguzo ya goli la kaskazini. Nguzo imepinda kama mzee mwenye mgongo. Mwenyekiti wetu wa sasa, Ruschmeier, daktari wa meno, mtu anayekagua kila kitu kama meno, alikuja mbio kuuliza. Nikamwambia ni upepo. Akatazama nguzo ya chuma. Akanitazama mimi. Nikamwambia dakika kumi zilizopita ulikuwa mkali zaidi.

Mwalimu alikuwa mwekundu kama kiwanja. Alinong'ona kwamba ana deni kwangu. Nikamwambia nitaliandika.

15 Juni

Sherehe. Hema, watu mia tatu, soseji, saladi ya viazi, bendi ya wachimbaji isiyo na mgodi tena. Ruschmeier alisoma majina ya wafadhili mpaka bia zikapoa vibaya, yaani zikapata joto.

Lothar alikuwepo. Traudel alikuwa amemleta, na aliketi naye upande wa nje ili asiweze kutoka. Hakunitazama. Alikuwa amekonda, kola ya shati ilikuwa na nafasi ya shingo mbili.

Mwalimu akasimama na kitabu. Alikuwa ameniuliza asubuhi kama ausome ukurasa wa 61 au auache watu wausome wenyewe nyumbani. Nilitaka sana kusema nyumbani. Nikasema ausome.

Akasoma. Mistari sita ni mifupi ukiiandika, lakini ukiisikiliza mbele ya watu mia tatu ina urefu wa zamu nzima chini ya ardhi. Alipofika kwenye "kwa sababu aliniamini" nilikuwa ninatazama viatu vyangu. Akamaliza. Kule nyuma mtu mmoja alianza kuguna, akaona hakuna anayemfuata, akageuza ikawa kikohozi.

Kisha Traudel akasema, akiwa ameketi pale pale, sauti ya kawaida kama anayeomba chumvi, "Baba yangu naye alikuwa anatazama juu. Alikuwa na njiwa wanne kwenye mashindano yale. Mpaka anakufa hakujua goli lilifungwa kwa mguu gani."

Wazee kwenye meza ya mbele wakaanza kuangalia ndani ya glasi zao. Mmoja, aliyenipigia kelele za utelezi kuliko wote, akasema polepole kwamba hata yeye, kwa kweli, ule mpira wenyewe hakuuona. Mwingine akasema jukwaa zima la kaskazini lilikuwa na shingo juu. Ndipo nikaelewa kwa nini mji huu ulilipokea neno langu upesi vile mwaka 1967. Nusu yao hawakuona kilichotokea, na kila mmoja aliona aibu peke yake.

Lothar akasimama. Traudel alimpisha.

"Sobo," akasema. "Yule jike alishika nafasi ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akafikiri kidogo.

"Tumekosa daraja la pili kwa nafasi ya tatu," akasema, akaketi.

Hema lilicheka mpaka kamba zikatikisika. Nikamtazama. Alikuwa anacheka, mabega yanapanda na kushuka. Kisha akaenda kwenye moto akarudi na sahani yenye soseji mbili, akala zote mbili, na Traudel akageuka upande mwingine akijifanya anaitazama bendi.

17 Juni

Wazi. Nguzo nimeinyoosha kwa nyundo, inaonekana karibu kama nguzo.

Jumamosi tunacheza karata. Lothar amesema mwenyewe, langoni, akiwa ameegemea kibao changu. Kisha akaomba daftari hili. Anasema kitabu ni mistari sita, naye anataka kujua yaliyobaki. Sikuweza kumkatalia, nimemwambia liko kwako, Mwalimu, na kwamba atalipata Alhamisi.

Kwa hiyo hii nakuandikia wewe, utakapolifungua kesho. Naomba ile nguzo unilipe sasa. Tafuta ukurasa wa tarehe kumi na saba Machi, ule wa kufundisha kuguna na kucheka mpaka goti likauma (kufundisha anakujua, kucheka hakujui), ukate kwa mkasi, taratibu, usiharibu jalada. Ningeukata mwenyewe, lakini mimi mikono inatetemeka na ataona. Akikuuliza, usimwambie ni panya, panya anawajua. Mwambie ulimwaga kahawa.